RX-8 imeambiwa injini imekufa, nimegoma kuishusha kabla ya kupima (uzi mrefu)

Mshale_Tisa (mwenye uzi)

Wakuu, samahani kwa urefu.

Nina Mazda RX-8 (injini yake haina pistoni, ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka) toleo la kwanza, gia za mkono, kilometa 112,000. Wiki tatu zilizopita imeanza kuchechemea. Haizimi, haigomi kuwaka. Niko gia ya tatu au ya nne, mguu wote kwenye mafuta, mshale ukikaribia mizunguko 5,000 gari linakuwa kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Linasita, linaachiwa, linasita tena. Taa ya injini inapepesa nikikanyaga, nikilegeza inatulia. Kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) huwezi kujua kama lina tatizo lolote.

Nikalipeleka kwa fundi. Akasikiliza, akachomoa kijiti cha oili, akaona imeshuka, akatoa hukumu papo hapo: hizi injini za rota ndivyo zinavyokufa, inakula oili, sili zimekwisha, tushushe.

Nikamwambia nitarudi. Sijarudi.

Kwanza, kula oili kwa injini hii si ugonjwa, imezaliwa nayo. Kuna pampu inayopeleka oili kidogo kidogo ndani ya nyumba ya rota kwa makusudi, ilainishe sili za ncha (zinazoziba kwenye pembe za rota), halafu iungue pamoja na petroli. RX-8 ambayo kijiti hakishuki kabisa mwezi hadi mwezi ndiyo ya kuitilia shaka.

Pili, injini iliyopoteza mbano (kompresheni) huwa inalalamikia kwingine. Mbano unavuja zaidi mizunguko ikiwa ya chini, kwa sababu hewa inapata muda wa kutoroka. Ukiongeza mizunguko muda huo unapungua. Kwa hiyo rota iliyochoka utaijua asubuhi stata inapozungusha weee, au utaijua umezima kituo cha mafuta injini ikiwa ya moto halafu haitaki kuwaka tena. Yangu inawaka kwa mguso mmoja, baridi au moto. Inakuja kusita pale tu inapobebeshwa mzigo. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya moto wa plagi, si sili.

Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijatumia hela yoyote.

Kipande_cha_Chuma

Uza. Mapema. Kabla haijaandika kodi nyingine.

Mshale_Tisa

Kodi za injini au za mapato, mkuu? Zote ninazo.

FundiMstaafu

Mwenye uzi, umefikiri vizuri lakini hujapima chochote bado. Nikuulize matatu. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu imesoma nini? Plagi zina umri gani, na je, zimefungwa mahali pake? Koili (zinazotengeneza umeme wa cheche za plagi) zilibadilishwa lini?

La pili nalisisitiza kwa sababu nimeliona mara nyingi. Rota moja ina plagi mbili, moja chini na moja juu, na si ndugu mapacha. Ya chini ni ya joto namba 7, ya juu namba 9. Ya chini ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kuwasha, ya juu inamalizia mchanganyiko uliobaki upande wa pili wa chumba. Fundi wa pistoni anazichanganya bila kujua, gari linawaka, anakabidhi funguo. Tatizo linakuja baadaye.

Mshale_Tisa

Mzee, shikamoo. Plagi zina kilometa 20,000 na zipo mahali pake, nimezichomoa jana nikahakikisha. Mashine imesoma P0300 na P0302, zote kodi za mchanganyiko kukosa kuwaka. Koili... hapo ndipo aibu yangu ilipo. Niliponunua gari niliambiwa zipo sawa, nikaamini. Naangalia sasa, zina rangi na vumbi la kiwandani. Nadhani hazijawahi kuguswa.

FundiMstaafu

Marahaba. Basi tuanzie hapo, na nitaeleza kidogo kwa wasioijua injini hii, maana naona wengi humu wanasoma kimya.

Kwenye pistoni za mipigo minne, silinda moja inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya shafti. Rota inawaka mara moja kwa kila mzunguko mmoja. Renesis (ndilo jina la injini ya RX-8) ya gia sita za mkono inakwenda hadi 9,000. Piga hesabu: koili moja inapiga cheche 9,000 kwa dakika, yaani 150 kwa sekunde. Koili ya pistoni kwenye mizunguko ileile, ikiwa kila plagi ina koili yake, ingepiga 75. Hii inafanya kazi ya wawili, haina nafasi ya kupoa, halafu zipo nne zimebanwa kwenye kishikizo kimoja. Ndiyo maana wenye haya magari wengi wanazihesabu kama plagi au mkanda, kitu cha kubadilisha kwa kilometa. Kilometa 48,000 hivi na nje. Yako zimekula 112,000. Hazikukosea, zimechoka.

P0302 ni rota ya nyuma. Hamisha jozi ya koili za rota ya nyuma uzipeleke mbele, za mbele ulete nyuma. Weka alama kwenye waya kabla ya kuchomoa, soketi zote zinafanana na ukikosea utajuta. Futa kodi, nenda ukalibebeshe mzigo gari. Kodi ikihama kuwa P0301, mwizi ni koili. Ikibaki P0302, ugomvi uko kwenye waya, plagi, nozeli ya mafuta au rota yenyewe.

Turbo_Bila_Leseni

Si apime tu koili kwa mita? Dakika tano.

FundiMstaafu

@Turbo_Bila_Leseni Koili hizi zina kifaa cha kuwashia ndani yake, mita ya ukinzani haitakupa jibu la maana. Hata ingekuwa koili ya kizamani, unaipima ikiwa baridi mezani, yenyewe inaumwa ikiwa ya moto barabarani. Na kuchomoa plagi uitazame inavyopiga cheche hewani nako hakutoshi. Cheche inayoruka kwenye hewa ya kawaida inaweza kushindwa kuruka ndani ya chumba kilichobanwa, kwa sababu mbano ukipanda, volti inayohitajika nayo inapanda. Ndiyo maana gari la mwenye uzi linatulia kwenye sailensa. Pale koili haijaombwa kitu.

Mshale_Tisa

MREJESHO WA KWANZA.

Nimehamisha. Kilometa sita tu, taa ikapepesa. Nikasimama pembeni, nikasoma: P0301. Imehama!

Nikarudisha ya juu peke yake, kodi ikabaki mbele. Kwa hiyo mgonjwa ni koili iliyokuwa ya plagi ya chini, rota ya nyuma. Furaha niliyopata ni ya mtu aliyeambiwa ana ugonjwa mkubwa akakuta ni malaria.

Lakini kuna kitu nimegundua kwa bahati. Rafiki yangu ana ile taa ya kupimia taimingi, inayobana kwenye waya wa plagi na kupiga mwanga kila umeme ukipita. Tukaibana waya mmoja baada ya mwingine, injini ya moto, mwenzangu akikanyaga mafuta. Ile koili mbovu mwanga ulikuwa unakatika, kama nilivyotegemea. Nyingine mbili safi. Ya nne, ya plagi ya juu rota ya mbele, dakika za mwanzo ilikuwa safi. Tukaiacha injini iungurume kama dakika ishirini, tukarudia. Mwanga unaruka ruka. Mashine haijawahi kuandika lolote kuhusu rota ile!

FundiMstaafu

Umenifurahisha leo. Hapo ndipo mtego ulipo. Kila rota ina plagi mbili, kwa hiyo moja ikilala nyingine inaendelea kuwasha. Ya chini ikifa unasikia. Ya juu ikifa gari linapoteza nguvu kidogo, linakunywa mafuta zaidi, na kompyuta inaweza isiandike chochote kwa sababu yenyewe inasikiliza mwendo wa shafti, na shafti bado inazunguka vizuri. Mtu anaendesha hivyo mwaka mzima anasema "rota ndivyo zilivyo."

Petroli isiyoungua inaenda wapi? Swali hilo lijibu mwenyewe kabla hujafunga koili mpya.

Bi_Klachi

Inaenda kwenye masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosti). Yangu yaliwaka kama mkaa chini ya gari, usiku, nikayaona kwenye kioo cha duka wakati napaki. Mwenye uzi, badilisha koili zote nne, plagi zote nne na waya zote nne kwa mkupuo mmoja. Usinunue koili moja. Zimezaliwa siku moja, zitakufa wiki moja.

Turbo_Bila_Leseni

Mimi ningebadilisha mbili tu. Mbili zimepimwa ziko safi, kwa nini utupe spea nzima?

Bi_Klachi

Kwa sababu ya nne nayo ilikuwa "safi" kwa dakika ishirini za kwanza, kaka.

Mshale_Tisa

Dada Bi_Klachi kashinda hoja. Nimeagiza zote nne. Na nimezikataa za bei ya kutupa ambazo hazina hata jina la mtengenezaji. Kwa kazi ya cheche 150 kwa sekunde sitaki kubahatisha na kopi.

Mshale_Tisa

MREJESHO WA PILI, na hapa hadithi inageuka.

Koili mpya, waya mpya, plagi mpya zikiwa mahali pake. Nikachomoa waya wa betri kwa muda, nikaurudisha, nikafanya na lile zoezi la kukanyaga breki mara ishirini haraka haraka swichi ikiwa imewashwa ili kompyuta isahau ilichojifunza kuhusu shafti na ijifunze upya. (Jirani aliniona nikipiga breki kwenye gari lililosimama kama mwendawazimu. Sikumweleza.)

Nikatoka. Kuchechemea kumeisha kabisa. Hadi 5,000 gari ni jipya. 6,000 sawa. Kuanzia 6,500 halisiti tena, linachoka. Linapanda polepole kama lina mtu kamziba pua. Sioni kodi, taa haipepesi. Nimefika 7,500 nikaona nalilazimisha, nikaacha.

FundiMstaafu

Kuziba pua ni maneno sahihi kuliko unavyojua, ila pua iliyozibwa ni ya kutolea. Pima mgandamizo wa ekzosti. Toa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, funga geji hapo. Kwenye mizunguko 2,500 ikizidi psi 3, masega yameziba.

Mshale_Tisa

Psi 5 na ushee. Nimeyafungua. Sega la mbele limeyeyuka katikati, matundu yamekuwa bamba moja lenye rangi ya majivu. Ukichungulia na tochi, mwanga unapita pembeni tu.

Yaani koili imekufa, mimi nimeendelea kuendesha nikijiambia nitashughulika mwisho wa mwezi, petroli mbichi ikaenda kuungulia ndani ya masega, yakayeyuka. Siwezi kumlaumu fundi wala kiwanda. Taa ilipepesa, na taa ya injini ikipepesa ina maana moja tu: punguza mguu sasa hivi, masega yanaharibika. Ingekuwa imewaka tu bila kupepesa, angalau una nafasi ya kufika nyumbani ukasome kodi. Nilijua hilo. Nikakanyaga.

Kipande_cha_Chuma

Toa masega, weka bomba tupu. Tatizo limekwisha milele, na sauti utaipenda.

Mshale_Tisa

Sauti ningeipenda siku mbili. Mahali pengi kuendesha bila masega ni kosa kisheria, na harufu ya rota bila masega inakufuata hadi kwenye nguo. Isitoshe, bomba tupu halitibu koili. Koili nyingine ikifa sitakuwa hata na cha kuyeyuka kunionya.

Bi_Klachi

Sasa swali ambalo hutaki kulisikia. Masega yaliyoziba yanarudisha moto nyuma. Renesis inatolea moshi ubavuni, milango yake ya ekzosti iko kwenye kuta za pembeni, tofauti na rota za zamani zilizotolea kwenye mzingo. Joto likikwama pale, sili za ubavu na springi za sili za ncha ndizo zinazopikwa. Umepima mbano?

Mshale_Tisa

Nilikuwa naliogopa hilo. Napima Jumamosi.

Turbo_Bila_Leseni

Nina geji ya kawaida ya kompresheni, nakuazima.

FundiMstaafu

Usimwazime, utamdanganya. Geji ya kawaida inashika namba kubwa kuliko zote na kuing'ang'ania. Rota ina nyuso tatu, kila uso ni chumba chake. Nyuso mbili zikiwa na afya na moja imekufa, geji itakuonyesha ile yenye afya na utakwenda kulala usingizi mnono. Angalau toa kile kivalvu kidogo kinachozuia hewa kurudi, utaona sindano inapigapiga: tatu zinazolingana ni nzuri, mbili kubwa na moja ndogo ni msiba. Lakini hiyo ni ya kusikia mapigo tu, si ya kupata namba. Namba unapata kwa mashine ya rota inayorekodi nyuso zote tatu na kasi ya stata.

Na kasi ya stata ni nusu ya jibu. Vipimo vya Mazda vinahesabiwa kwenye mizunguko 250. Stata ikizungusha haraka namba zinapanda, ikizungusha kichovu zinashuka. Mtu akikuletea namba bila kukuambia kasi, hajakuletea kitu. Betri ijae, injini iwe ya moto, mafuta na moto wa plagi vikatwe, mguu ukanyage hadi chini hewa iingie.

Mshale_Tisa

MREJESHO WA TATU.

Nimepata mtu mwenye mashine yenyewe. Namba zimerekebishwa kwa mizunguko 250:

Rota ya mbele: 7.9, 7.8, 7.7 bar.
Rota ya nyuma: 7.4, 7.3, 7.0 bar.

Kwa wasiojua: ikiwa mpya ni kama 8.3, na chini ya 6.8 kiwanda kinahesabu imekwisha. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 1.5, kati ya rota na rota isizidi 1.0. Kwa hiyo nimefaulu kila mstari.

Lakini tazameni rota gani iko chini. Ya nyuma. Ileile iliyokuwa na koili iliyokufa. Siwezi kuthibitisha kwamba koili ndiyo iliyoila, sikuwa na namba za zamani za kulinganisha, na huenda ilikuwa hivyo siku nanunua. Ningepima siku ile ningekuwa na jibu leo.

FundiMstaafu

Hizo ni namba za injini ya makamo. Haijafa na si kijana. Anza kuandika daftari. Pima tena baada ya kilometa 15,000 au mwaka, mashine ileile. Namba moja ni picha, mbili ndiyo zinakuambia inaelekea wapi.

Turbo_Bila_Leseni

Na oili ya mipigo miwili kwenye tenki? Mimi nachanganya kila nikijaza, wengine wanasema ni imani tu.

FundiMstaafu

Si imani, ila si dawa pia. Toleo la kwanza, kama la mwenye uzi, lina nozeli mbili za oili kwa kila rota. Toleo la 2009 waliongeza ya tatu, ya katikati, na mtu haongezi nozeli kama zilizopo zinatosha kila mahali. Oili kidogo kwenye petroli inafika pale katikati ambako nozeli mbili hazifiki vizuri. Chagua inayoungua safi, pima kwa uangalifu, usimimine kwa jicho. Lakini anayechanganya oili huku koili zina kilometa 112,000 anapaka rangi nyumba inayovuja.

Bi_Klachi

Mzee leo umeamka na maneno.

Kipande_cha_Chuma

Nafuta kauli yangu ya "uza". Ila nina swali la kweli. Hii injini ina faida gani hadi mtu ateseke hivi? 1.3 lita!

Mshale_Tisa

Mkuu, swali lako lina majibu mawili. La vitabuni: Felix Wankel aliiwaza, NSU wa Ujerumani wakaiweka kwenye gari la kuuzwa 1964, Mazda wakaja na Cosmo Sport 1967 baada ya kupambana miaka na mikwaruzo ambayo sili zilikuwa zinachora ndani ya nyumba ya rota, wenyewe wakaiita kucha za shetani. Kisha 1991 wakapeleka yenye rota nne kwenye mbio za Le Mans na kushinda saa 24 nzima mbele ya watu wa pistoni. Gari lile lilikuwa na plagi tatu kwa kila rota. Walijua umuhimu wa cheche.

La pili ni kwamba hujawahi kuisikia ikipita 7,000 ikiwa nzima, bila mtikisiko, hadi kengele ikuite ubadilishe gia.

Dereva_wa_Kwanza

Wakuu, nimesoma uzi wote. Yangu ni RX-8 pia, niliisogeza tu kutoka banda hadi getini asubuhi, nikazima. Sasa inazungushwa haiwaki kabisa. Nami koili?

FundiMstaafu

Hapana kijana, wewe umelowesha plagi. Injini ya baridi inamiminiwa petroli nyingi, ukiizima kabla haijapata joto petroli inabaki ndani na kuosha oili kwenye sili. Kanyaga mafuta hadi mwisho kisha zungusha, kompyuta itakata petroli na hewa itakausha. Sekunde kumi, pumzisha stata, rudia. Ikigoma chomoa plagi ukazikaushe, na betri uichaji kabla ya kuendelea. Siku nyingine ukiiwasha, iache ipate joto hata kama unakwenda getini.

Dereva_wa_Kwanza

Imewaka! Moshi mweupe kijiji kizima.

Mshale_Tisa

Mrejesho wa mwisho kabla sijaacha uzi upumue. Masega mapya yamefungwa jana. Mgandamizo kwenye 2,500 sasa haufiki hata psi 1. Leo asubuhi nimelipasha joto dakika kumi na tano, nikapata barabara tupu, gia ya pili, mguu hadi chini. 6,500 ikapita bila hata kuaga. Kengele ikalia.

Nimeandika ndani ya kifuniko cha boneti kwa kalamu ya rangi: koili, km 112,640. Inayofuata km 160,000. Zile nne za zamani nimezitupa, isipokuwa ile mbovu ya rota ya nyuma. Iko mezani, nimeipangia karatasi zisipeperuke.